Msumari wa Pazia

Degedege lilimshika Rut saa saba mchana, mama yake akiwa anaanua mpunga kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Yunis alisikia mkeka ukikwaruzwa, akageuka, akamwona mtoto wa miaka mitatu amekakamaa kama kuni, macho yamepanda juu, povu mdomoni. Alimlaza ubavu, akamvua gauni, akamlowesha kifua kwa maji. Hakupiga kelele. Kelele alizimeza, zikakaa tumboni mpaka jioni.

Mtoto alipolegea, Yunis alikuwa ameshafikiri yote ya kufikiri. Hospitali ilikuwa Tukuyu, juu mlimani, na kwa miguu ni safari ya siku nzima na zaidi hata kwa mtu asiyebeba mgonjwa. Lori la Mhindi lilikuwa bandarini Itungi likingoja meli, lisingerudi mpaka kesho. Mbugani kote lilibaki gari moja, nalo lilikuwa la baba mkwe wake.

Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Yunis alikuwa ameolewa na Sadoki mwaka wa tano sasa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuona uso wa Mzee Ambilikile. Alimjua kwa miguu, kwa kikohozi, kwa harufu ya grisi. Mzee akitokea njiani, Yunis anajifunika kanga kichwani na kuingia migombani. Jina lake halitamki. Wanyakyusa huiita desturi hii ukutila, na maana yake ni kuogopa tu. Mke wa mtoto akimtazama baba mkwe, au akisema naye uso kwa uso, tumbo lake linaweza kufungwa, au mtoto aliyekwisha kuzaliwa akadhoofu mpaka akaisha. Kwao Yunis, Ikombe, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, wakwe huheshimiwa pia, lakini hakuna anayewakimbia hivyo. Alipoolewa aliicheka desturi hii kimoyomoyo. Alipozaa, aliacha kucheka.

Alimfunga Rut mgongoni, akakimbia kwa jirani yake Neli, wakaenda kujibanza wote wawili nyuma ya migomba iliyokuwa karibu na gari, mzee alipokuwa. Neli naye alikuwa ameolewa na mtoto wa ndugu wa mzee, kwa hiyo katika jambo hili hakuwa na nafuu yoyote. Mama mkwe, ambaye siku zote ndiye aliyepeleka maneno huku na huku, alikuwa msibani Katumba Songwe tangu juzi. Sadoki alikuwa Lupa akichimba dhahabu ya watu.

"Sema wewe," Neli alinong'ona.

"Siwezi. Sema wewe."

"Mtoto ni wako!"

"Na mkwe ni wetu sote."

Neli alitafuta wa kumwambia, akamwona mbuzi kwenye kigingi. Akapaza sauti. "Wee mbuzi! Unakula tu hapo, hujui kwamba Rut wa Sadoki ana degedege? Hujui kwamba anatakiwa Tukuyu sasa hivi?"

Kikajibu kikohozi kile. "Mbuzi," sauti ya mzee ilisema, "waambie gari lina mafuta. Waambie wangoje kidogo, nitundike pazia."

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, la kabla ya vita, alilolinunua mzee kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Bati lilikuwa la nje tu, ndani lilijengwa kwa mbao, na mbao za gari hilo zilikuwa zimekunywa masika mengi ya Kyela. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa ili magunia ya mpunga yaenee. Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa umepigiliwa misumari zamani, haufunguki. Wa kushoto ulifunguka, tena ulifunguka kinyume na milango ya watu, maana bawaba zake zilikuwa nyuma na kitasa mbele. Mlango wa namna hiyo upepo ukiupata gari likiwa mwendoni, hauufungi. Unaufungua wote, kama sikio la tembo.

Yunis alimsikia mzee akigonga. Tok, tok, msumari wa kwanza kulia. Tok, tok, msumari wa pili kushoto, katika nguzo ya katikati, ile iliyobeba bati la kupokea ulimi wa kitasa. Katika pigo la mwisho ulisikika mlio mdogo mwingine. Mfinyanzi anaujua mlio huo. Ndio anaousikia katikati ya moto, akajua kabla hajaona kwamba chungu kimoja kimepasuka.

Alifungua mdomo, akaufunga. Amwambie nani? Mbuzi?

"Tayari," mzee aliliambia gari. "Mimi nitatazama mbele."

Yunis alipanda akiwa amejifunika mpaka kidevuni. Mbele yake lilining'inia pazia la kaniki, limetundikwa kwa kamba nyembamba ya katani kutoka msumari huu hadi ule. Alikaa juu ya gunia la pumba, Rut mapajani. Neli aliusukuma mlango kutoka nje, mara moja, mara mbili, ukashika mara ya tatu.

"Mungu awatangulie," Neli alisema. "Na wewe mlango, kaa!"

Kwenye tambarare ya mpunga hapakuwa na tatizo. Gari lilirukaruka, pazia likacheza, Rut akapumua kwa haraka kama kifaranga. Mwili wake uliunguza. Yunis alikuwa anahesabu pumzi za mtoto na hakutazama kitu kingine mpaka walipoanza kupanda na gunia likateleza.

Liliteleza shubiri moja tu, kushoto. Akajizuia kwa mkono kwenye nguzo, na chini ya kiganja chake nguzo ikasogea.

Akaangalia. Kutoka kwenye msumari wa pazia ulishuka ufa mweusi, ukapita katikati ya bati la kitasa, tundu la skrubu baada ya tundu la skrubu. Ilikuwa kama mtu aliuchora kwa rula. Kila gari liliporuka, ufa ulipanua mdomo na kuufunga. Skrubu ya juu ilikuwa imetoka nusu. Aliisukuma kwa kidole gumba, ikaingia bila ubishi kama kijiti kwenye uji. Gari likaruka, ikatoka tena, ikadondoka juu ya kifua cha mtoto.

Zilibaki tatu.

Yunis aliifunga ile skrubu kwenye pindo la kanga. Upande wa kushoto, nje ya mlango ule, hakukuwa na ukuta wa mlima. Kulikuwa na majani ya ukingoni, halafu hewa, halafu vilele vya miti chini kabisa. Mbali nyuma ziwa lilionekana kama bamba la risasi, na mvua ilikuwa inatembea juu yake ikija upande wao.

Mwambie, alijiambia. Ni maneno matatu. Mlango umelegea, baba. Lakini mtoto alikuwa mapajani mwake, na mtoto ndiye ambaye desturi ilisema atadhurika. Je, kama degedege lenyewe lilitokana na kosa fulani? Wiki iliyopita alichelewa kuingia migombani. Aliona kisigino cha mzee, labda na shavu la mguu. Akafumba mdomo. Akaweka mguu wake mmoja kwenye nguzo na mkono kwenye mpini wa mlango, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Skrubu ya pili ilianguka sakafuni, ikabingirika, ikatokomea chini ya magunia.

Alianza kugonga paa. Pa, pa, pa!

"Gari," mzee alipaza sauti juu ya ngurumo ya injini, "mwambie anayegonga kwamba mwendo wetu ndio huu. Nikizidisha, tutalala mtoni."

Pa, pa, pa, pa!

"Mwambie pia najua mtoto ni mgonjwa! Ni mjukuu wangu!"

Kona ilikuja. Gari lililala kulia, kisha likajirudi kushoto, gunia likateleza na Yunis juu yake, bega lake likaupiga mlango. Bati la kitasa likabanduka upande mmoja. Ulimi ukachomoka. Upepo ukauchukua mlango, ukaupeleka nyuma wote kwa kishindo, na mahali palipokuwa na mlango pakawa na bonde.

Mguu mmoja wa Yunis ulikuwa nje. Alimbana Rut kwa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto alishika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa pazia. Kamba ilimshikilia kwa muda wa pumzi moja, mpaka gari lilipojirudi kulia na kumrusha ndani kifudifudi. Msumari ulichomoka, kaniki ikamfunika, na hapo ndipo kelele zote alizokuwa amezimeza zilipotoka.

Mzee alikanyaga breki, akageuka. Mtu yeyote angegeuka.

Ulikuwa uso wa Sadoki. Hilo ndilo lililomshangaza Yunis: uso wa mumewe, umezeeka tu, mvi kidevuni, na macho yaliyojaa hofu kuliko ya kwake. Walitazamana. Halafu mzee akatoa sauti kama mtu aliyeungua, akafungua mlango wake, akakimbia hatua kumi na kusimama akiuelekea mlima, mikono kichwani.

Mvua ikawafikia.

"Nimemwua," mzee alikuwa akiuambia mlima. "Nimemwua mtoto wa Sadoki kwa macho yangu."

Yunis aliweka sikio kifuani mwa Rut. Moyo ulikuwa unapiga mbio, lakini ulikuwa unapiga.

"Rut," alisema kwa sauti kubwa, ingawa mtoto hakuwa na fahamu, "mwambie babu yako wewe ni mzima bado. Mwambie kinachokuua ni homa, na dawa ya homa iko Tukuyu. Mwambie bila mlango hatufiki, maana barabara ni nyembamba na mlango huu utajipigiza kwenye miti au utatutoa nje."

Mzee aliitoa mikono kichwani. Mabega yake yakashuka kidogo. "Rut," akauambia mlima, "mwulize mama yako kitasa kimefanya nini."

"Mwambie kitasa ni kizima. Nguzo ndiyo iliyopasuka. Msumari wa pazia umeipasua juu mpaka chini, skrubu hazina pa kung'ata."

Mzee aliinama kama aliyepigwa ngumi. "Msumari wa pazia," alirudia polepole. "Mikono yangu mwenyewe." Kisha akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua ndani ya tope, akapapasa chini ya kiti chake, akatoa sanduku la vyuma na kulisukuma nyuma kwa kisigino. "Bisibisi imo. Skrubu ndefu sina. Mwambie akaze hizo hizo kwa nguvu."

Yunis alimlaza Rut juu ya gunia, akamfunika kwa kaniki. Akakaza. Skrubu ilizunguka, ikazunguka, ikazunguka, na ingezunguka mpaka siku ya mwisho. Kadiri alivyoisukuma ndivyo ufa ulivyopanuka. Bisibisi ikateleza na kumchana kiganja.

Acha, alijiambia. Unafanya kama mtu asiyewahi kuona ufa.

Mama yake kule Ikombe hakuanza kamwe kuziba ufa wa chungu. Alianza kukifunga. Kamba inazungushwa tumboni mwa chungu, inakazwa kwa kijiti mpaka midomo ya ufa ikutane, ndipo kinaanza kuzibwa. Ufa ulio wazi hauzibiki, unalishwa tu.

"Rut, mwambie babu yako afungue mlango wa mbele wa kushoto wote, auzuie kwa jiwe. Nataka kuizungushia nguzo kamba. Halafu anichongee vijiti vya mti mgumu, unene wa kidole cha mtoto, vinne."

"Rut, mti mgumu nitaupata wapi hapa? Hii yote ni miti ya majimaji," mzee alilalamika, lakini alikuwa ameshachomoa kisu. Yunis alisikia kikichonga. Baadaye aligundua kwamba alikuwa anachonga fimbo yake, ile aliyokuwa akienda nayo barazani kwa wazee.

Kamba ya pazia ilikuwa nyembamba na imelowa, na katani iliyolowa hukaza kuliko kavu. Yunis aliizungusha kwenye nguzo mara sita juu ya bati la kitasa, mara sita chini yake, akatia mpini wa koleo na kusokota. Mbao zililia. Ufa ukafumba polepole, ukabaki mstari. Alifunga fundo upande wa ndani, mahali ambapo mlango haugusi. Vijiti vilipofika, vikisukumwa kwa nyuma juu ya sakafu, alivigongomea kwenye matundu manne na kuvikata usawa wa mbao.

Aliweka bati mahali pake. Akaanza skrubu ya kwanza, na safari hii ilibisha. Aliposikia inavyobisha, nusura alie.

Hapo Rut akakakamaa tena.

Yunis aliacha kila kitu. Alimgeuza ubavu, akamshikilia kichwa kisipige sakafu, miguu ya mtoto ikipiga bati la gari kama mtu anayebisha hodi. Lilikuwa degedege refu kuliko la kwanza. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

"Ni nini?" mzee alipiga kelele. "Ni nini hicho? Rut!"

Yunis alitazama bati lililoning'inia kwa skrubu moja. Alitazama mikono yake miwili, yote imejaa mtoto. Hakuwa na mikono mingine. Mikono mingine iliyokuwepo mlimani pale ilikuwa ya mtu mmoja tu.

"Baba," alisema. Si kwa Rut, si kwa gari. "Njoo ukaze. Fumba macho kama utaweza, lakini njoo. Mimi siwezi kumwachia."

Mvua ilipiga paa. Alidhani hatakuja. Kisha akaona mkono ukipapasa ukingo wa mlango, halafu kichwa, halafu uso ule, macho yamefumbwa kwa nguvu mpaka mashavu yamejikunja.

"Bisibisi iko wapi?" alinong'ona.

"Karibu na goti lako. Kushoto. Hapo."

"Tundu?"

"Panda juu. Juu kidogo. Umepita, shuka. Hapo hapo."

Alikaza. Walikuwa umbali wa mkono mmoja, yeye akinuka grisi na mvua, machozi yakitoka chini ya kope zilizofumbwa. Alikuwa anatetemeka mwili mzima isipokuwa vifundo vya mikono. Hivyo vilikuwa imara kama vya fundi yeyote. Skrubu ya pili ikaingia. Ya tatu Yunis aliisogeza kwa kidole cha mguu mpaka ikagusa kidole cha mzee, na mzee akaikwepa kwanza, kisha akaichukua.

"Ya nne?"

"Imepotea chini ya magunia. Tatu zitatosha."

"Hazitatosha."

"Zitatosha, baba. Nguzo imefungwa."

Miguu ya Rut ilitulia. Akavuta pumzi ndefu yenye kukoroma. Mzee aliisikia, midomo yake ikasema kitu bila sauti. Akatoka kinyumenyume na kuusukuma mlango.

Kap.

Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, bila mwangwi. Yunis aliupiga mlango kwa bega mara mbili, haukusogea.

Gari likaanza kupanda tena. Pazia lilikuwa blanketi la mtoto sasa, kwa hiyo Yunis alijifunika kanga kichwani na kuinama, na mzee aliendesha shingo imekakamaa kama ya mtu mwenye jipu. Kila kona Yunis alikazia macho kamba ile. Kila kona alingoja. Alikuwa na hofu mbili, na hakujua ipi itafika kwanza: mlango, au ile nyingine iliyokaa kimya nyuma yake, ya kuita baba na kutazama. Kila Rut alipochelewa kuvuta pumzi alijua ni hiyo ya pili. Kila alipoivuta, alirudi kwenye mlango.

Tukuyu walifika kukiwa bado na mwanga. Dresa wa zamu, msaidizi wa daktari, kijana anayeitwa Eliya, alimpokea mtoto mlangoni, akamchoma sindano, akamlaza, akaagiza maji ya kumkanda. Yunis alisimama ukutani akitiririka tope. Hakukaa mpaka alipoona jasho likichomoza kwenye paji la uso la Rut, matone madogo madogo, na mtoto akafumbua macho na kulia kwa hasira kwamba ana kiu.

"Atapona," Eliya alisema. "Mngechelewa saa moja nisingesema hivyo." Akachukua kalamu. "Jina la babu yake?"

Yunis alifungua mdomo. Jina lilikuwepo pale ulimini. Alikuwa amekwisha kuvunja yote mengine siku hiyo, lakini hili halikutoka.

"Ambilikile," ilisema sauti kutoka nje, chini ya dirisha. Kikohozi kikafuata. "Dresa, ndugu yangu, ndaga, asante sana. Nimesikia analia. Naomba unisaidie kumwuliza mama wa mtoto neno moja."

Eliya aliinua macho. Yeye naye alikuwa mtu wa huku huku; hakuuliza kwa nini. "Uliza, mzee."

"Mwulize kama mlango ulisogea tena njiani. Mimi nilikuwa natazama mbele."

Yunis alijivuta kanga usoni, ingawa ukuta mzima ulikuwa kati yao.

"Mwambie haukusogea," alisema. "Na mwambie kesho, wakati wa kurudi, pazia alifunge kwa kamba juu ya paa. Msumari asipigilie tena."